Kifuniko Kisichong'oka

Vijana wangu wa Igoma, najua mliondoka kwangu mmenuna. Mlikuja watatu na tyubu zenu za siagi ya karanga, mkanikuta nachambua mchele, mkaniamkia vizuri, mkaniwekea mbele yangu kifuniko mlichokibuni wenyewe. Nikakifungua, nikakifunga, nikakinusa, nikawaambia kimekaa vizuri. Mkafurahi. Ndipo mmoja wenu akatoa karatasi mfukoni: niandike tu kwamba mimi, fundi mstaafu wa kalibu, nimekipima na nimekiridhia, ili mpeleke kwa watu wa viwango. Nikakataa. Mkajua ni roho mbaya ya uzee.

Roho mbaya ninayo, sikatai. Ila siku ile siyo yenyewe iliyonizuia. Niliwahi kuandika karatasi kama ile, na nitawaeleza ilivyokuwa, maana nyie mna mikono mizuri na ni haraka ndiyo itakayowaponza.

Nilifanya kazi kiwanda kidogo cha dawa ya meno hapa hapa Mwanza. Jina lake sitalitaja. Nilianza kama kibarua wa kufunga vifuniko. Watu wanadhani tyubu ya dawa ya meno inajazwa mdomoni. Hapana. Inajazwa mkiani, ikiwa imesimamishwa kichwa chini, kifuniko kimeshafungwa, halafu mkia unabanwa. Kwa hiyo kabla dawa haijaingia, lazima mtu azungushe kifuniko kwenye kila tyubu tupu. Wakati huo mtu mwenyewe alikuwa ni sisi, wanawake kumi na wawili kwenye mabenchi mawili, vifuniko vimejaa kwenye mapaja kama njugu. Ukikaza sana kinapasuka. Ukilegeza, dawa inachuruzika kwenye mashine na msimamizi anakutukana wewe na mabibi zako. Kidole gumba changu kilisagika hata alama zikafutika. Siku ya kujiandikisha kitambulisho, mashine ya alama za vidole ilinikataa mara nne. Yule kijana mwandikishaji akaniuliza, "Mama, una uhakika wewe upo?"

Lakini kidole hicho hicho ndicho kilichonitoa kwenye benchi. Kuna wiki dawa ilivuja kila siku, wakatulaumu sisi. Mimi nilikuwa nasikia kwenye kidole kwamba baadhi ya vifuniko vinakwama nusu mzunguko kabla ya wenzake. Nikaanza kuvitenga. Ndani ya kila kifuniko kuna kitarakimu kidogo, hukioni mpaka ukigeuze kwenye mwanga. Vyote nilivyovitenga vilikuwa na sita. Nikavifunga kwenye ncha ya kanga, nikapeleka karakana.

Karakana alikuwepo Mzee Bwire, Mjita, mkuu wa kalibu. Kalibu ni mapande mawili ya chuma yanayobanwa pamoja. Plastiki iliyoyeyuka inasukumwa ndani, ikipoa unapata umbo lako. Yetu ilikuwa na vyumba vinane, inatoa vifuniko vinane kwa mkupuo. Chumba cha sita kilikuwa kimeliwa. Mzee Bwire akavigeuza vifuniko vyangu kimoja kimoja.

"Nani kakufundisha kupima?"

"Kidole, Mzee."

Akacheka. Mwezi uliofuata akaniomba niende kwake karakana. Wanaume wa pale walisema mwanamke ataingiza kitenge kwenye kerezo, mashine inayozungusha chuma kikichongwa. Mzee Bwire akawajibu kwamba wao tayari walishaingiza vidole, na kweli, mmoja wao alikuwa na vidole vinane.

Tatizo la Mzee Bwire lilikuwa moja, alichanganya r na l. Akisema "leta karibu," hujui kama anataka umsogelee au umletee lile dude la kilo arobaini. Mara nyingi nilimsogelea mikono mitupu, naye akanitazama kama mtu aliyeagiza maji akaletewa salamu.

Alinifundisha kupiga tupa, ile chuma yenye meno ya kusugulia, kunoa, kusoma rangi ya chuma kikipashwa moto. Alinifundisha kwamba ukitoboa, simama kabla hujafika kipimo, pima, ndipo umalizie, maana chuma ukishakitoa hakirudi. Somo hilo nililielewa siku nilipoharibu pande zima la kalibu mpya. Nilitoboa tundu likazidi. Nikakaa chini nikalia. Mzee Bwire akalichukua lile pande, akanishika mkono, tukaenda ofisini. Mlangoni niliogopa. Yeye akaingia na kusema, "Meneja, tumeharibu chuma." Tumeharibu. Yeye siku hiyo hata hakuwa ameshika kile chuma.

Sasa niwaambie kifuniko kilivyoanza. Mama yangu alikuwa akiishi Nansio, kisiwani. Alipooza upande wa kulia, mkono ukawa umelala tu. Nilipanda meli kwenda kumwona, na asubuhi yake nikamkuta nyuma ya nyumba ameketi kwenye kigoda, tyubu ya dawa ya meno kaibana kwa magoti, anazungusha kifuniko kwa meno. Ilikuwa dawa ya kiwandani kwetu. Kifuniko kikatoka, kikadondoka, kikabingirika hadi kwenye majivu. Hakukifuata. Akakamua dawa kidogo, akaiweka tyubu wazi juu ya jiwe, na mdomo wa tyubu ulikuwa umeshaganda dawa kavu tangu siku za nyuma.

"Vene," akaniita, "hiki kizibo mnatengeneza nyie?"

"Ndiyo, mama."

"Mnamtengenezea nani?"

Nilirudi Mwanza na swali hilo, nikamweleza Mzee Bwire. Alichukua chaki akachora juu ya meza: kifuniko kinachokaa palepale kwenye tyubu, chenye kijifuniko kidogo juu kinachofunguka kwa kusukuma na kidole kimoja. Kisichozungushwa. Kisichodondoka. Kisichoweza kuokotwa na mtoto akakitia mdomoni.

Leo mnaviona kila mahali mnadhani vilishuka na mvua. Sisi tuliumia navyo miezi. Bawaba ya kifuniko hicho haina chuma wala pini. Ni utando wa plastiki ile ile, mwembamba kama ukucha wa mtoto, unaounganisha kijifuniko na kiti chake kinachokaa kwenye tyubu. Ukiuacha mnene haukunjiki. Ukiupunguza mno unachanika. Cha kwanza kilikatika nilipokifungua mara ya tatu. Cha pili kilifika mara ya tisa, tukakisherehekea kwa chai.

Aliyegundua kosa ni Mzee Bwire. Plastiki ilikuwa inaingia kalibuni kwa matundu mawili, moja kila upande, ikija kukutana palepale kwenye bawaba. "Hapo zinasalimiana tu, hazioani," alisema. Tukaziba tundu moja, ili plastiki yote iingie upande wa kiti na kupita kwenye bawaba kama maji kwenye mfereji, mpaka ijaze kijifuniko. Halafu akanionyesha jambo ambalo ninyi mnalikosea hadi leo: kifuniko kikitoka mashineni, kabla hakijapoa, kikunje. Mara mbili, tatu. Ile plastiki inajipanga ndani, inazoea kukunjwa. Ukisubiri ipoe umechelewa. Nilivikunja vikiwa vya moto hadi ngozi ya vidole ikababuka.

Na chini ya kijifuniko tukaweka kichomozo kidogo kinachoingia kwenye tundu la mdomo na kuisukuma dawa irudi ndani, isigande. Hicho kilikuwa changu. Nakitaja kwa sababu ni kitu pekee kwenye kifuniko kile ninachoweza kukitaja bila kuona haya.

Tulifanya yote hayo saa ya chakula, tukila maharage tumesimama. Tulitumia plastiki laini, aina inayovumilia kukunjwa, kiasi kidogo alichokipata Mzee Bwire kwa kuombaomba. Kimoja nilikifungua na kukifunga mara elfu moja, siku tatu, nikipiga mistari ya chaki ukutani. Hakikukatika. Nilimpelekea mama kimoja. Akakifungua kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, akakifunga, akakifungua tena. Alikuwa anacheza nacho kama mtoto.

Meneja alipokiona alikipenda kuliko sisi. Akasema kitatoka kabla ya shule kufunguliwa. Wakati huo Mzee Bwire alifiwa na kaka yake, akaenda Majita majuma mawili. Alipoondoka tu, magunia ya plastiki yakaletwa. Nikachota konzi moja, nikaijua kabla sijainusa: ni ile ngumu ya kutengenezea ndoo, tena iliyosagwa upya kutoka kwenye mabaki. Nikapiga vifuniko vichache vya majaribio. Nikavikunja vya moto kama nilivyofundishwa. Nikaanza kuhesabu. Cha kwanza kikakatika mara ya kumi na mbili. Nikachukua kingine, mara ya nane. Kingine, mara ya kumi na tano.

Nilikwenda kwa Meneja. Nataka mjue kwamba nilikwenda.

"Hii plastiki haifai, Meneja. Inakatika."

"Yote ni plastiki, Vene. Ile yenu haipatikani kwa wingi."

"Basi tusubiri Mzee Bwire arudi."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi mbili. Moja ilikuwa ya kuthibitisha kwamba kifuniko kimefunguliwa na kufungwa mara elfu moja bila kukatika, na chini yake nafasi ya saini ya fundi. Ya pili ilikuwa barua ya ajira ya kudumu, yenye jina langu. Miaka tisa nilikuwa kibarua pale. Miaka tisa nikisimama getini asubuhi kusubiri kuitwa jina.

"Tukisubiri, mradi unafutwa," akasema. "Na ile kalibu yenu itauzwa chuma chakavu. Uamuzi ni wako."

Nilijiambia kwamba mara elfu moja ni kweli nilizihesabu. Sikujiambia kwamba nilizihesabu kwa plastiki nyingine. Nikasaini zote mbili, kwa kalamu yake.

Mzee Bwire aliporudi alikuta maboksi yameshapakiwa. Alichukua kifuniko kimoja, akakigonga na ukucha, akasikiliza mlio wake.

"Hii ni ya ndoo. Vene, uliijaribu hii?"

Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Hakuwa amekasirika hata. Nikasema, "Walijaribu wenyewe ofisini, Mzee. Waliniletea majibu, nikasaini."

Akanitazama kwa huruma. Ile huruma ndiyo inayoniamsha mpaka leo. "Wamekudanganya, mwanangu," akasema. Akaenda kwa Meneja kudai mzigo usitoke. Ukatoka.

Haikupita miezi miwili maboksi yakaanza kurudi. Vijifuniko vilikuwa vinakatika na kubaki mikononi mwa watu. Wenye maduka walitukana, wateja walicheka. Kisha akaja mwanamke mmoja kutoka Kisesa, mtoto mgongoni, akasimama getini akakataa kuondoka mpaka atolewe mtu wa kuongea naye. Akafungua leso. Ndani kulikuwa na kijifuniko chetu, kile chenye kichomozo.

"Kilitolewa kooni mwa huyu," akasema. "Hospitali. Daktari akaniambia nikitunze nije niwaonyeshe."

Mtoto alikuwa mzima, anatafuna ncha ya kanga ya mama yake. Alikuwa akitaka kusema kitu, sauti ikawa inatoka ikikwaruza, kama ya mzee. Mama yake akasema huenda itarudi. Sikumfuatilia kujua kama ilirudi. Nilisema ninafanya kazi, na kweli nilikuwa na kazi, ajira yangu ilikuwa ya kudumu.

Wakatuita wote kwenye stoo. Meneja akasimama mbele na ile karatasi, akauliza nani anawajibika na kifuniko hiki. Yeye alijua. Mimi nilijua. Tulitazamana mara moja tu, nami nikatazama sakafu. Ilikuwa na nyufa, na kwenye nyufa kulikuwa na dawa ya meno iliyoganda, nyeupe.

Mzee Bwire akasimama. "Kalibu ni yangu," akasema. "Huyu binti alisaini alicholetewa. Mwacheni."

Wakamwacha binti. Yeye walimwondoa siku hiyo hiyo, bila neno la kwaheri. Getini mlinzi alimwaga kisanduku chake chini kutafuta kama kaiba. Nilikuwa dirishani karakana. Nilimwona akichuchumaa, akiokota tupa moja moja, akizipangusa kwa shati lake kabla ya kuzirudisha. Zilikuwa kama ishirini. Ulikuwa muda wa kutosha kutoka dirishani hadi getini. Ningefika, ningemsaidia kuokota, na hata kama nisingesema chochote angalau ningeokota. Nilibaki dirishani.

Baadaye nikawa mkuu wa karakana. Meneja yule akahamia kwingine, akaja mwingine aliyekubali kununua plastiki ya kufaa, tukaitoa ile kalibu stoo, tukaisafisha kutu. Ni ile ile aliyoichonga Mzee Bwire, sikuibadilisha hata pembe. Vifuniko vikatoka vizuri, vikapendwa. Inawezekana mmepigia mswaki dawa yake utoto wenu wote. Mama hakuwahi kuviona vikiuzwa, alikuwa ameshafariki.

Siku ya kustaafu walinifanyia sherehe. Keki, vitenge, hotuba. Wakasema mimi ndiye mbunifu wa kifuniko kisichong'oka. Wakanipa kipaza sauti. Nikasema, "Siyo mimi. Kalibu ile ni ya Mzee Bwire, na mimi ndiye niliyesababisha afukuzwe." Wakapiga makofi! Wengi wao hata hawakumjua. Mshereheshaji akasema, "Mnaona mama yetu alivyo mnyenyekevu?" na muziki ukawekwa. Ukweli una wakati wake, vijana. Ukichelewa sana unageuka kuwa hotuba.

Wiki iliyofuata nikapanda basi la Musoma, nikashuka, nikachukua bodaboda hadi Majita. Niliulizia kwa Mzee Bwire fundi, nikaonyeshwa mara moja. Nilimkuta barazani, nywele zote nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi, anapiga tupa ekseli ya mashine ya kusagia unga. Binti yake Nyamisi, mwalimu wa shule ya pale, aliniletea kiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akainua macho. "Huyo siyo Vene?"

Alifurahi, jamani. Alimwambia Nyamisi, "Huyu ndiye yule mwanamke niliyekusimulia, mwenye kipimo kwenye kidole." Tukaletewa ugali na samaki. Akaniuliza habari za karakana, mashine ipi ipo, ipi imekufa. Akaniuliza kama wale watu waliendelea kunionea. Nikarudisha tonge sahanini.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Walikudanganya, ungejuaje?" Akaendelea kumega samaki. "Mimi sikujuta hata siku moja. Nilikuwa mzee tayari, wewe ulikuwa unaanza. Nilisema bora niende mimi kuliko waharibu mtu asiye na kosa."

Ningeweza kunyamaza tena. Alikuwa na amani yake, na mimi ndiye niliyekuwa nahitaji ya kwangu. Hadi leo sijui kama nilifanya vema.

"Hawakunidanganya, Mzee. Niliijaribu mwenyewe. Ilikatika mara ya kumi na mbili."

Mkono wake ukasimama juu ya sahani.

"Kabla ya kusaini?"

"Kabla."

Nyamisi alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, hakusogea. Kisha Mzee Bwire akanawa mkono mmoja, taratibu, akaufuta kwenye suruali.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Miaka yote hii nilidhani hukujua."

Akavuta kile chuma chake, akakipakata, akapapasa kwa kidole mahali alipoachia. Nilingoja aseme amenisamehe, au anitukane. Akamwita binti yake, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nyamisi, msindikize mgeni stendi. Basi la mwisho lisimwache."

Nikaaga. Akaitikia. Tulipofika njiani nikasikia tupa imeanza tena.

Sijarudi Majita. Hakuna aliyenikataza.